Pingamizi la Verlene Stroebel

Asubuhi ile Verlene Stroebel aliingia Bungeni amevaa suti ya bluu aliyoinunua kwa ajili ya mazishi ya Dale Rasch, na nyuma yake alimfuata mama yake Dale mwenyewe, Bi Adela, ameshika kopo la biskuti za kumpa yeyote ambaye angeupigia kura muswada uliotokana na kifo cha mwanawe. Nilimwambia Verlene ampeleke mama huyo juu kwenye roshani ya wageni na biskuti azifiche. Bungeni kwetu kumpa mbunge biskuti moja ni rushwa. Kumpa chakula cha mchana, safari ya gofu na koti la baridi ni ukarimu.

“Mbona wewe unakula?” akaniuliza Verlene.

“Mimi sina hadhi ya kuhongwa,” nikamwambia, nikachukua ya pili.

Ilikuwa kweli. Mimi, Lyle Amundrud, nilikuwa nimewakilisha wilaya yangu muda mrefu kiasi kwamba wapigakura wengine walidhani nimekufa na kiti kimebaki na jina langu kwa heshima. Nilikaa safu ya mwisho kabisa, karibu na bomba la joto lililokohoa majira yote ya mwaka. Verlene, mgeni wa mwaka huo, alipewa kiti cha pembeni yangu. Alikuwa na saluni katika mji mdogo wa magharibi mwa jimbo, na maisha yake yote alikuwa akizungumza na visogo vya watu, kwa hiyo hakupata shida kuzoea safu ya nyuma.

Dale Rasch alikuwa dereva wa lori la maziwa. Agosti, miaka miwili kabla ya siku hiyo, mahindi yakiwa yamepita kimo cha lori na kuificha reli, alivuka reli nje ya mji wao, mahali pasipo taa wala geti, na treni ya nafaka ikampitia. Basi la shule lilikuwa linakuja nyuma yake. Verlene ndiye aliyemkata Dale nywele zake za kwanza akiwa mtoto, na ndiye aliyeitwa na watu wa mazishi kumchana za mwisho. Mwaka uliofuata akagombea ubunge, akashinda, akaja na muswada wa ukurasa mmoja na kitu: kila mahali basi la shule linapovuka reli pawekwe taa na geti, kwa gharama ya kampuni ya reli. Kamati iliupitisha bila swali hata moja. Verlene alifurahi sana. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba mwenyekiti alikuwa na tiketi za mpira siku hiyo na angeweza kupitisha hata muswada wa kumuuza mama yake.

Sasa muswada huo ulikuwa kwenye Orodha ya Ridhaa. Hapo ndipo tunapoweka mambo yasiyo na ubishi, tunayapitisha kwa pamoja, kura moja, kama mtu anayemeza vidonge vyote kwa glasi moja ya maji.

“Kwa hiyo leo ni leo,” alisema Verlene, akikunjua suti yake magotini.

“Leo ni Jumatano ya kawaida,” nikamwambia. “Usitegemee makubwa.”

Tulianza kwa sala. Mchungaji wa siku hiyo aliombea mvua, akaombea mvua isizidi, akaiombea timu ya mieleka ya shule yake, halafu akamwomba Mungu awape wabunge hekima, ombi ambalo huwa linaletwa kila asubuhi na kila asubuhi linaahirishwa. Tukaapa mbele ya bendera. Kisha Spika wetu, Milo Ostrander, mtu mnene mwenye sauti ya kuuza ng’ombe mnadani, na kweli aliwahi kuuza ng’ombe mnadani, akainua nyundo yake.

“Kumbukumbu-za-jana-zikubaliwe-bila-kusomwa-kama-hakuna-pingamizi—” pa! “Hakuna, imepita.”

Kati ya neno pingamizi na nyundo haikupita hata pumzi. Miaka yote niliyokaa mle sijawahi kuona kunguni akipenya hapo, sembuse mbunge.

Baada ya hapo tukatambulishiwa Malkia wa Nguruwe. Huyu ni binti anayechaguliwa kila mwaka na chama cha wafugaji wa nguruwe, anavaa taji na utepe, anazunguka jimboni akiwaeleza watu uzuri wa nyama hiyo. Malkia wa mwaka huo alikuwa mrefu, mwenye haya, na alitutangazia kwamba chama chake kinatualika sote saa sita kwenye mbavu za kuchoma, pale pale uwanjani mbele ya jengo. Tulimpigia makofi ya kusimama. Sijapata kuona vyama vyetu viwili vya siasa vikisimama pamoja kwa haraka namna ile, hata siku ya kifo cha gavana.

Ikafuata hoja kuu ya asubuhi: udongo.

Ilikuwa imegundulika, sijui na nani, kwamba jimbo letu lina ndege rasmi, ua rasmi, samaki rasmi na hata ngoma rasmi, lakini halina udongo rasmi. Babu zetu walikuja na majembe wakaulima, tukazaliwa juu yake, tunazikwa ndani yake, na muda wote huo tulikuwa tunaukanyaga bila kibali. Grant Tillotson, kiongozi wa walio wengi, aliamua kuiondoa aibu hiyo. Tillotson alikuwa mwanasheria mwenye meno mazuri na alikuwa anautaka ugavana, jambo alilolificha kwa kulikanusha kila siku. Alisimama akausifu udongo mweusi wa kaskazini, anakotoka yeye, mpaka ukadhani ana undugu nao.

Mzee Cletus Bohannon wa kusini akasimama kuupinga.

“Mheshimiwa Spika, huo mweusi wa kwao mvua ikinyesha unanata kama ugomvi wa mirathi. Wa kwetu wa manjano ndio udongo. Mtu akianguka juu yake anaamka msafi.”

“Mheshimiwa anaamka msafi kwa sababu upepo umeshaupeperusha udongo wote,” akajibu Tillotson. Kicheko.

“Afadhali upeperuke kuliko kung’ang’ania viatuni kama nyinyi mnavyong’ang’ania bajeti!”

Waliendelea hivyo karibu asubuhi nzima. Mtu mmoja alileta udongo wake kwenye chupa ya jamu ukapitishwa mkono kwa mkono, tukaunusa. Mwingine alilia kidogo, akimkumbuka baba yake. Mwishowe mweusi ukashinda kwa kura chache, na Bohannon akasema historia itatuhukumu.

Katikati ya vita hiyo nilimwona Bwana Pruett akiingia mlango wa pembeni. Pruett alikuwa mtu wa kampuni ya reli. Hakuwa na cheo mle ndani, hakuchaguliwa na mtu, lakini walinzi walimfungulia mlango kabla ya sisi. Alikuwa mpole, suti ya kijivu, na alikuwa anajua majina ya mbwa wetu wote. Alimwinamia Tillotson sikioni, akanong’ona kwa muda wa kutosha kuagiza chai, akamgusa bega, akatoka.

Verlene hakumwona. Alikuwa anampungia mkono Bi Adela kule juu.

“Orodha ya Ridhaa,” akatangaza Spika.

Tillotson akasimama nusu, mkono mmoja bado kwenye kiti. “Naomba namba ishirini na moja iondolewe, irudishwe kamatini kwa uchunguzi zaidi.”

“Imeondolewa. Mengine-yote-kwenye-orodha-kama-hakuna-pingamizi—” pa! “Yamepita.”

Namba ishirini na moja ilikuwa ya Verlene. Nyundo ilipogonga, makofi yakasikika juu. Yalikuwa ya mtu mmoja. Bi Adela alikuwa amesimama kwenye roshani, kopo la biskuti limebanwa kwapani, anapiga makofi na uso wote unang’aa. Alikuwa amesikia neno “yamepita.”

Spika akagonga nyundo. “Wageni wanakumbushwa kwamba makofi hayaruhusiwi.” Malkia wa Nguruwe alikuwa amepata yake bila kukumbushwa kitu, lakini yeye alikuja na mbavu.

Verlene alikuwa ameshasimama. “Mheshimiwa Spika, hiyo ni ya kwangu. Ile ya mageti.”

“Uamuzi wa kurudisha muswada kamatini haujadiliwi, Mheshimiwa.”

“Sijadili. Nauliza kwa nini.”

“Kuuliza kwa nini ndiko kujadili. Kaa, Mheshimiwa.”

Akakaa. Shingo yake ilikuwa imejaa mabaka mekundu mpaka masikioni. Juu, Bi Adela naye alikuwa amekaa, ananong’ona na mama wa jirani, bila shaka akimsimulia. Verlene alitazama juu mara moja tu.

“Lyle,” akasema bila kunigeukia, “kamati inakutana lini?”

“Kamati ilishafunga kazi ya mwaka huu.”

“Kwa hiyo wanaurudisha kwa nani?”

“Kwa kabati.”

“Na mtu anaweza kufanya nini?”

“Kusubiri mwakani. Mimi nina daraja huko wilayani ninalolisubiri tangu nywele zangu hazijaisha.”

“Mwakani mahindi yatakuwa yameota tena, Lyle,” akasema. “Ya mwaka huu pia yataota.” Nikachukua kalamu nikajifanya naandika.

Kazi iliendelea. Ukaja muswada mkubwa wa Tillotson mwenyewe, wa kupanga upya sheria zote za mitaro ya mashamba. Ulikuwa mnene kama biblia ya ukoo. Katiba yetu inasema kila muswada usomwe kwa sauti, neno kwa neno, kabla ya kura. Iliandikwa enzi ambazo wabunge wengine hawakujua kusoma. Siku hizi wote tunajua, kwa hiyo hakuna anayesoma.

Karani alisoma kichwa cha muswada. Tillotson akatazama saa, akasema, “Naomba usomaji kamili uachwe.”

“Usomaji-uachwe-kama-hakuna-pingamizi—”

“Lipo,” akasema Verlene.

Nyundo ilibaki hewani. Spika aliitazama kama vile imemwishia umeme.

“Lipo nini, Mheshimiwa?”

“Pingamizi. Umeuliza kama lipo. Mimi ninalo.”

Watu wakageuka. Baadhi yao walikuwa hawajawahi kuitazama safu ya nyuma, na mmoja alinipungia mkono kama mtu tuliyepotezana naye jeshini. Spika alimwinamia mshauri wa kanuni, mshauri akafungua kitabu, akapuliza vumbi, akasoma, akasoma tena, kisha akatikisa kichwa taratibu kwa masikitiko makubwa. Mbunge mmoja tu akipinga, muswada lazima usomwe wote. Tena milango ifungwe, na wabunge wakae ndani kusikiliza.

Nilimwegemea Verlene. “Unajua ulichofanya?”

“Hapana,” akanong’ona. “Nimejibu swali tu. Kwani kitatokea nini?”

“Atausoma.”

“Wote?”

“Wote.”

Akatafakari. “Basi asome,” akasema, akakunja mikono.

Karani wetu, bwana mwembamba aitwaye Wendell, alikunywa maji akaanza. Sehemu ya kwanza, tafsiri ya maneno. “Mtaro” maana yake ni mtaro wowote, uwe wazi au wa kufunikwa, pamoja na mfereji, isipokuwa pale mfereji si mtaro. Milango ilifungwa kwa kishindo. Madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto, na kupitia hapo, kama vile kwa amri ya Mungu aliyechoshwa na maombi ya kila asubuhi, ikaingia harufu ya mbavu.

Sijui niieleze vipi harufu ile. Walizichoma kwa mti wa mtofaa, na zilipakwa mchuzi wenye sukari. Wanaume wazima walifumba macho.

Walianza kuja mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa mbunge kijana aliyemwambia Verlene kwamba anamheshimu sana. Wa pili alisema mkewe anapenda sana saluni. Bohannon alikuja kumpa mkono kwa nguvu zote, akifikiri anapinga kwa ajili ya udongo wa manjano, na ilipobainika si hivyo akaenda zake amenuna. Halafu akaja Tillotson. Aliinama, akaegemeza kiwiko kwenye meza yetu, akatoa meno.

“Verlene, dada yangu. Tuzungumze kama watu wazima.”

“Ngoja kidogo, Grant, nasikiliza. Muswada wako mzuri. Sasa hivi tumefika kwenye makalvati.”

“Unaelewa watu wana njaa?”

“Hata mimi. Ningekupa biskuti, lakini nimeambiwa ni rushwa.”

“Kile kitu chako cha reli, mwakani nakushika mkono mwenyewe, tunakipitisha. Neno langu.”

“Leo asubuhi kilikuwa kinapita. Ulikitoa wewe.”

“Ni mambo ya utaratibu tu.”

“Na hili pia,” akasema Verlene.

Tillotson alirudi kwenye kiti chake bila meno. Wendell alisoma. Upana wa mtaro. Kina cha mtaro. Wajibu wa mwenye shamba ambaye mtaro unaanzia kwake na wa yule ambaye mtaro unaishia kwake. Mbunge mmoja alilala, akaota, akasema “ndiyo” kwa sauti. Malkia wa Nguruwe, ambaye milango ilimfungia ndani pamoja nasi, alivua taji akaliweka magotini. Nilimhurumia binti yule, kwa kuwa ndiye mtu pekee mle ndani ambaye hakuwa amefanya kosa lolote.

Kisha mtu aliyekuwa dirishani akapiga ukelele.

“Maseneta wanakula!”

Tulikimbilia madirishani, kanuni au si kanuni. Na kweli. Baraza la Seneti, ambalo hupitisha kwa nusu saa kile sisi tunachokigombania siku nzima, lilikuwa limefunga kikao. Maseneta walikuwa wamejipanga kwenye majani, leso shingoni, mchuzi hadi viwikoni. Seneta mmoja mzee alituona, akainua ubavu juu kutusalimu. Bwana Pruett naye alikuwa pale, na sahani yake ilikuwa na kilima.

Kile kilichoshindwa kufanywa na kifo cha dereva wa lori la maziwa kikafanywa na sahani ile. Ghafla wabunge walimzunguka Tillotson. Sauti zilipanda. Nilisikia mtu akimwambia, “Mpe mageti yake huyo mama, Grant, kwani reli ni ya baba yako?” Mtu huyo huyo mwezi uliopita alikwenda kucheza gofu kwa gharama ya reli hiyo hiyo.

Tillotson akaja tena, safari hii na karatasi. “Taa,” akasema. “Nakupa taa. Mageti ni ghali, Pruett hawezi kukubali mageti. Taa kwenye sehemu zenye basi la shule, muswada unarudi kwenye orodha sasa hivi.”

Verlene aliisoma karatasi mara mbili. Aliponitazama niliona amechoka. Taa ni kitu. Mimi mwenyewe ningezichukua taa hizo na kusema asante.

“Nimuulize kwanza Adela,” akasema. “Yuko juu pale. Kijana ni wake.”

“Bila shaka!” akasema Tillotson, na meno yakarudi. “Nenda, nenda ukamuulize. Usiharakishe.”

Akampisha, akamwashiria mlinzi amfungulie mlango. Alikuwa mpole kupita kiasi, na hapo nikashtuka. Nikamwangalia Spika. Spika alikuwa anamwangalia Verlene akielekea mlangoni, na vidole vyake vilikuwa vinaisogelea nyundo taratibu, kama paka anavyosogelea siagi. Nikaikumbuka kanuni. Mwenye pingamizi akitoka ukumbini, pingamizi linatoka naye.

Ningependa kusema nilisukumwa na haki. Ukweli ni kwamba niliona furaha usoni mwa Tillotson, na nikashindwa kuivumilia. Mlango ulifunguliwa, Verlene akatoka, nyundo ikapanda.

“Usomaji-uachwe-kama-hakuna—”

“Lipo!” nikapiga kelele. Sauti ilinitoka kama ya jogoo mgonjwa. Niligonga goti kwenye bomba la joto nikisimama. “Lipo pingamizi, Mheshimiwa Spika. La kwangu.”

Spika alinitazama kwa muda. “Chombo hiki kinamtambua... Mheshimiwa...” Akamwinamia mshauri. Mshauri akamnong’oneza jina langu.

Tillotson alinifuata mbio. “Lyle! Wewe? Miaka yote hii hujawahi kufungua mdomo!”

“Nilikuwa nasubiri zamu yangu.”

“Unalo daraja lako linasubiri, unajua?”

“Najua. Litaendelea kusubiri, limeshazoea.”

“Utalijutia hili.”

“Kaa usikilize, Grant. Wendell ameingia kwenye mabomba ya udongo wa kuchoma. Wewe si mpenzi wa udongo?”

Goti liliniuma vibaya, lakini nilijisikia kijana.

Kutoka nilipokaa niliwaona wanawake wale wawili juu. Verlene alipiga magoti mbele ya kiti cha Bi Adela, akiongea. Nilimwona mama yule akianza kutabasamu, kisha akiacha. Aliondoa mkono wake kwenye mkono wa Verlene, nami nikageuza macho.

Yaliyosemwa Verlene alinisimulia baadaye.

“Kwa hiyo haukupita,” alisema Bi Adela.

“Haukupita.”

“Na mimi nikasimama nikapiga makofi mbele za watu wote hawa.”

“Nisamehe, Adela. Nilishindwa kupanda kukuambia.”

“Ulipaswa kupanda.” Chini Wendell alikuwa anasoma kwa sauti iliyobaki kama mkwaruzo. “Na huyo anasoma nini?”

Verlene akamweleza yote: pingamizi, mitaro, maseneta, karatasi ya Tillotson. Taa bila mageti. Akamuuliza achukue au asichukue.

Bi Adela alifikiri. “Dale alikuwa anaendesha huku anaimba,” akasema. “Angeipita taa. Geti asingelipita.” Kisha akafungua kopo, akatoa biskuti, akaanza kula mwenyewe. “Mwambie asome tu. Mimi sina haraka. Sina mtu wa kumpikia jioni.”

Verlene alirudi chini macho mekundu, akakaa, akaniambia, “Asante, Lyle. Nimesikia huko nje.” Halafu akamwita Tillotson kwa kidole, kama anavyomwita mteja anayefuata. “Geti na taa. Kama ulivyokuwa asubuhi. Bila kubadilisha nukta.”

“Haiwezekani.”

“Sawa. Tumefika ukurasa wa ngapi?”

Tillotson alitazama dirishani. Kule nje walikuwa wameanza kukunja meza ya kwanza. Wabunge wa chama chake walikuwa wamesimama nyuma yake kimya, na ukimya wao haukuwa wa heshima. Alikuwa mtu anayejua kuhesabu kura, hata za watu wenye njaa, na mtu anayetaka ugavana hawezi kukubali kukumbukwa kama aliyewanyima wabunge mbavu. Alikwenda mbele. Nilimwona akimwambia Spika maneno machache huku akitazama viatu vyake.

“Namba-ishirini-na-moja-irudishwe-kwenye-orodha-ipitishwe-kama-hakuna-pingamizi—” pa! “Imepita!”

“Na usomaji?” akauliza karani kwa sauti ya mzimu.

Spika akamgeukia Verlene, na safari hii alisubiri. Ukumbi mzima ulisubiri.

“Sina pingamizi,” akasema Verlene.

Sheria ya mitaro ilipita bila mtu kuisikiliza, milango ikafunguliwa, na chombo kitukufu cha wananchi kikashuka ngazi kwa kasi niliyodhani imekwisha duniani. Mzee Bohannon aliwapita vijana wawili. Tulikuta mikate, achari ya matango, na mifupa. Malkia wa Nguruwe, taji limerudi kichwani, alitugawia mikate hiyo akiomba radhi kila mara, na kila aliyeipokea alisema haina shida, akimtazama Verlene.

Juu kwenye roshani Bi Adela alikuwa bado amekaa. Tulimkuta hapo. Hakupiga makofi mara ya pili. Alikataa kuamini mpaka Verlene alipomwonyesha muhuri wa karani. Aliugusa kwa kidole, akasema, “Haya,” akaomba apelekwe nyumbani kabla giza halijaingia.

Seneti iliupitisha muswada wiki iliyofuata, ikiwa imeshiba. Gavana alitia saini mbele ya kamera, na Tillotson alisimama bega kwa bega naye, akieleza jinsi suala la reli lilivyomgusa moyo tangu mwanzo. Bwana Pruett naye alikuwepo, akampa Verlene pongezi, akamuuliza hali ya mbwa wake. Taa zilifungwa vuli ile. Mageti yalichelewa mwaka mzima zaidi kwa sababu ambazo kampuni ilizieleza kwa barua nzuri sana, lakini yalikuja, na katika ile njia ya Dale yanashuka kila treni inapopita, hata wakati mahindi ni marefu.

Daraja langu halijajengwa.

Uchaguzi uliofuata, mpinzani wa Verlene alibandika mabango wilaya nzima yakisema kwamba mama huyu ni kizuizi, anachelewesha shughuli za Bunge. Verlene hakuyajibu. Alikuwa na wateja wengi msimu ule, na wote walikuwa na maoni juu ya mabango hayo, na yeye aliendelea kukata huku akiwasikiliza. Alishinda kwa kura nyingi kuliko mara ya kwanza. Kaskazini kwa Tillotson walisema watu wa magharibi hawaelewi siasa.